Mkimbizi Apewe Kiti Kwenye Kamati, Si Unga Peke Yake

Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa kambi za Kakuma na Dadaab hadi chini ya theluthi ya kile mtu anachohitaji. Mkimbizi anayeishi Nairobi hakuwa na mgao wa kupunguziwa. Misaada imepangwa kambini. Anayeishi mjini hujilipia kodi ya nyumba na kujitafutia chakula. Familia iliyotoka Kivu au Sudan Kusini ikapanga chumba Eastlands, na mwezi ukaisha kibarua hakijapatikana, mara nyingi hubisha hodi kanisani. Makanisa ya Makadara, sehemu ya Eastlands, kuanzia Viwandani hadi Jericho, yana wajibu wa kufikiri yatampokeaje mgeni huyo. Rai yangu ni kwamba unga na maombi, hata vikitolewa kwa moyo mweupe, havitoshi ikiwa anayevipokea hana sauti katika kuamua. Mkimbizi anastahili kiti kwenye kamati ya kanisa inayomhudumia.

Makadara ina sababu yake ya kulielewa jambo hili. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union) aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Ukoo wake ulitoka Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya CMS (Church Missionary Society) karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. James Juma Mbotela, wa ukoo huohuo, alisimulia habari za wazee hao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Watu wale walishuka pwani wakiwa wamenyang'anywa nchi na jamaa zao, na misheni ikawapa mashamba, shule, ufundi na kanisa. Huduma ya mwili na huduma ya roho zilikwenda bega kwa bega, na ukoo uliopokelewa ukiwa hauna kitu ukaja kuitolea Kenya mwandishi na mwanasiasa.

Hata hivyo, Freretown ina funzo la pili, nalo ni chungu. Wasimamizi wa misheni walikitawala kijiji kile kama mali yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 adhabu ya viboko ilizua malalamiko makubwa. Aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa alijikuta chini ya bwana mwingine, safari hii mwenye Biblia mkononi. Hali ilianza kuonyesha sura nyingine pale waliosaidiwa walipokabidhiwa kazi yenyewe. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, na wote wawili walikuwa wameonja utumwa. Mtu wa aina hiyo hakuhitaji kufundishwa uchungu wa kupoteza kwao. Aliwahudumia wenzake kwa kuwa aliijua njia waliyopita.

Kanisa halikosi mwongozo wa zamani zaidi. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinaeleza jinsi wajane wa Kiyahudi wenye kusema Kigiriki walivyokuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku kule Yerusalemu. Mitume hawakuishia kuongeza chakula. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgao, na wote saba wana majina ya Kigiriki. Mmoja wao, Nikolao, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Waliolalamika walikabidhiwa ufunguo wa ghala. Kwa hiyo kanisa linalomweka mama Mkongomani kwenye kamati ya misaada halibuni jambo geni, linafuata kielelezo chake lenyewe.

Kwa vitendo, jambo hili halihitaji jengo jipya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, na makanisa mengine yana vikundi vya maombi vya nyumbani. Familia ya wakimbizi iandikwe humo kama jirani, ipate zamu yake ya kusali, ya kupokea wageni na ya kutembelea wagonjwa. Kwa Mkongomani wa Kivu kuna neema ya ziada: ibada ya Kiswahili anaifuata tangu Jumapili ya kwanza. Wanajumuiya ndio watakaojua kwamba mtoto hajaanza shule au kwamba mzazi hajalala usingizi tangu vita vimfukuze. Wao pia ndio wa kumsindikiza hadi Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kufuatilia kitambulisho, au kwa mawakili wa Kituo cha Sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini haki iliyo kwenye karatasi huhitaji mtu wa kupanga foleni pamoja nawe. Amani ya Juu, mradi wa ushonaji ulioanza Nairobi mwaka 1996, umeonyesha kwa cherehani na kitambaa kwamba wanawake waliokimbia vita wanaweza kujitafutia riziki wakitibu majeraha ya moyo pamoja.

Kuna watakaosema kwamba mwenyeji naye ana njaa. Ni kweli, na asiyeuona ukweli huo hajafika Viwandani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaacha watu wengi wa mitaa ya mabanda ya Mukuru bila makao. Lakini hoja hiyo inaunga mkono kamati ya pamoja. Mgao ukipangwa na mwenyeji na mkimbizi wakiwa meza moja, kwa kigezo cha uhitaji, manung'uniko hupata mahali pa kujibiwa kabla hayajageuka chuki ya mtaani.

Wengine wanahofia usalama. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, ikisema serikali haikuonyesha jinsi hatua hiyo ingeleta usalama. Mwaka uliofuata operesheni ya Usalama Watch ilikamata maelfu ya watu na kuwarundika wengi wao katika uwanja wa Kasarani. Hofu ya namna ile humfundisha mkimbizi kujificha, na anayejificha hajulikani na mtu. Jumuiya inayomjua kwa jina, kwa watoto wake na kwa kazi yake ni ulinzi kwa mtaa mzima.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote: kwamba huduma ya roho ni mtego wa kubadili watu dini. Wakimbizi wengi wa Eastlands ni Waislamu, na Waethiopia na Waeritrea wengi ni Waorthodoksi. Msaada unaotolewa kwa sharti la ubatizo ni biashara, na Injili haiuzwi. Unga, ushauri wa kisheria na karo vitolewe bila kuuliza dini. Sala itolewe kwa anayeiomba. Kiti kwenye kamati kinasaidia hapa pia, kwa sababu anayegawa pamoja nawe anaweza kukukemea ukianza kuweka masharti.

Baraza la kila parokia na kila kanisa la Makadara linaweza kuanza na azimio moja katika mkutano wake ujao: isiundwe kamati ya misaada kwa ajili ya wakimbizi bila wajumbe waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe, na angalau wakimbizi wawili wawe na haki ya kupiga kura na kuona hesabu. Gharama yake ni kugawana mamlaka. Kanisa lililo tayari kumpa mgeni chakula chake lakini si uamuzi wake bado halijampokea.