UCHAMBUZI: Barabara kuu ya Pwani inahitaji zaidi ya lami

UPANUZI wa barabara kuu ya Pwani, inayoanzia mpakani Lunga Lunga na kupitia Likoni na Mombasa hadi Kilifi na Malindi, ni jambo ambalo wakazi wa eneo hilo wamelisubiri kwa zaidi ya kizazi kimoja. Hakuna ubishi kwamba barabara hiyo inahitajika. Swali linalofaa kuulizwa ni iwapo jinsi inavyojengwa itamaliza kero za wanaoitumia, au itazihamisha tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Mnamo Desemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) iliidhinisha takriban dola 384 milioni za Marekani kwa awamu ya kwanza ya barabara ya kutoka Malindi hadi Bagamoyo nchini Tanzania, ambayo kwa jumla ina urefu wa kilomita 454. Umoja wa Ulaya nao ukaahidi ruzuku. Kwa upande wa Kenya, sehemu iliyopewa kipaumbele ni ile ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi, huku kipande cha kutoka Mombasa hadi Mtwapa kikipangiwa kuwa na njia mbili kila upande.

Manufaa yake yanaeleweka. Msafiri wa Dar es Salaam anayetumia barabara ya sasa hulazimika kuzunguka bara kupitia Segera na Chalinze. Ile ya kufuata ufuo kupitia Tanga, Pangani na Bagamoyo ni fupi zaidi. Isitoshe, itarahisisha biashara ya watu ambao mpaka haujawahi kuwatenganisha kwa lugha wala kwa undugu. Wadigo wa Kwale na wale wa Tanga ni jamii moja, na huoana na kuzikana bila kujali mpaka uliochorwa na wakoloni.

Hata hivyo, ili kuelewa matatizo ya barabara hii ni lazima kwanza mtu atazame ramani. Pwani ya Kenya imekatwakatwa na hori za bahari na mito. Kutoka kusini kuelekea kaskazini kuna mlango wa Kilindini pale Likoni, kisha hori za Tudor, Mtwapa na Kilifi, halafu Mto Sabaki karibu na Malindi. Kila mojawapo ilikuwa kizuizi kwa msafiri, na historia ya barabara hii kwa kweli ni historia ya kuvuka maji.

Nyali iliunganishwa na kisiwa cha Mombasa kwa daraja lililoelea mnamo 1931, na ikabidi kusubiri hadi 1980 kupata daraja la kudumu linalotumika leo. Kilifi, abiria walishuka na kungoja feri hadi daraja lilipofunguliwa mnamo 1991. Hivyo basi, ni zaidi ya miaka 30 sasa tangu mtu aweze kutoka Mombasa hadi Malindi bila kupanda chombo cha majini.

Upande wa kusini haukupata bahati hiyo. Wakazi wa Likoni, Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga waliendelea kutegemea feri, na ngoja ngoja iliumiza matumbo kwa maana halisi ya methali hiyo. Mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali kuu ya Mombasa alisubiri zamu. Kila meli ya mizigo ilipokuwa ikiingia au kutoka bandarini, feri zilisimama kuipisha. Kwa maneno mengine, maelfu ya wafanyakazi na wanafunzi walipangiwa saa zao za kufika kazini na shuleni na ratiba ya meli.

Gharama ya hali hiyo haikuwa muda pekee. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafariki, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakielekea kisiwani asubuhi. Robo karne baadaye, Septemba 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, na mama aliyekuwa ndani pamoja na bintiye wakafa maji. Taifa zima lilikaa karibu wiki mbili likifuatilia juhudi za kuiopoa miili yao. Hapo ndipo Wakenya wengi wasioishi Pwani walipotambua jambo ambalo mkazi wa Likoni alilijua siku zote: kwamba sehemu ya barabara kuu ya kitaifa, inayoelekea nchi jirani, ilikuwa ni sakafu ya chombo kinachoelea.

Tangu wakati huo mambo kadhaa yametendeka. Daraja linaloelea la Liwatoni, la watembeao kwa miguu, lilifunguliwa Januari 2021. Nayo barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa ufadhili wa Japan na ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mnamo 2018, ilikamilika kiasi cha kupitika mnamo 2024 baada ya kujengwa kwa daraja la Mteza lenye urefu wa takriban kilomita 1.4. Kupitia hapo, gari linalotoka Nairobi linaweza kufika Diani bila kuingia kisiwani wala kupanda feri.

Haya ni maendeleo makubwa na wanaostahili pongezi wapongezwe. Lakini mtazamaji makini hatakosa kuona jambo moja. Barabara ya Dongo Kundu ilibuniwa kama sehemu ya mradi wa barabara za eneo la bandari. Shabaha yake kuu ni mizigo pamoja na eneo maalum la kiuchumi linalokusudiwa huko Dongo Kundu. Mtalii na mwenye gari wamefaidika. Kibarua wa Likoni anayetembea kwa miguu kwenda kazini mjini hajabadilishiwa lolote na barabara hiyo, kwa sababu kuizunguka kwa matatu ni kutumia nauli ambayo hana, ilhali feri humvusha bila malipo. Daraja la kudumu la Likoni, ambalo limezungumziwa na serikali moja baada ya nyingine, lingali ndoto.

Utaratibu huu umejirudia mno hata hauwezi kuitwa sadfa. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi, reli ya kisasa iliyozinduliwa mnamo 2017, na barabara zinazoingia bandarini zote hupata fedha haraka kwa sababu zinahudumia shehena inayoelekea bara na nchi jirani. Barabara inayowaunganisha Wapwani wao kwa wao hungoja. Ni kana kwamba Pwani ni mlango tu wa kupitishia mali, wala si nyumba yenye watu ndani.

Tukirejea upande wa kaskazini, tatizo ni la aina nyingine. Kati ya Nyali na Mtwapa, miji imekua kwa kasi ambayo barabara haikuiwazia. Bamburi, Kiembeni, Utange na Shanzu zilikuwa mashamba na vijiji. Leo ni makazi ya maelfu ya watu wanaofanya kazi kisiwani. Mtwapa yenyewe, ijapokuwa iko Kaunti ya Kilifi, kimaisha ni mtaa wa Mombasa.

Juu ya barabara hiyo hiyo moja hupita matatu za abiria, tuktuk, bodaboda, mabasi ya Malindi na Lamu, magari ya watalii, malori ya saruji kutoka viwanda vya Bamburi na Vipingo, na malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa na mkokoteni wa maji hugawana lami ile ile. Lori likiharibika karibu na daraja la Mtwapa, foleni hujipanga kilomita kadhaa kila upande kwa kuwa hakuna njia nyingine ya karibu ya kuvukia hori hiyo.

Upanuzi wa Mombasa hadi Mtwapa utapunguza adha hii, ila hapa ndipo hoja ya kuhamisha msongamano inapoingia. Magari yote yanayotoka kaskazini kuelekea katikati ya mji humiminika kwenye daraja moja la Nyali, kisha huangukia makutano ya Buxton yaliyosongwa tayari. Ukipanua mfereji bila kupanua mlango, maji hayatoki haraka zaidi, hujaa mlangoni. Msafiri atakayeokoa dakika 20 kati ya Mtwapa na Bombolulu anaweza kuzipoteza zote akisubiri karibu na soko la Kongowea.

Kuna njia ya kupunguza mzigo huo bila kusubiri daraja jipya. Barabara ya Mavueni, Kaloleni hadi Mariakani huwezesha gari la mizigo linalotoka Kilifi au Malindi kwenda Nairobi kuukwepa mji wa Mombasa kabisa. Kama malori mazito yasiyo na shughuli mjini yangeelekezwa huko, na barabara hiyo ikatunzwa ipasavyo, nafasi kubwa ingepatikana kwa magari ya abiria. Hili linahitaji sheria, alama za barabarani na usimamizi kuliko linavyohitaji mabilioni ya pesa.

Suala zito kuliko yote, hata hivyo, ni ardhi. Katiba, katika Kifungu cha 40, inamtaka yeyote anayenyang'anywa mali kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki na kwa haraka. Wajibu wa kuthamini na kulipa uko mikononi mwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC). Kwingineko nchini, mgogoro huwa ni kuhusu kiasi cha fidia. Pwani, swali hutangulia hapo: nani mwenye ardhi?

Chimbuko lake ni la zamani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa maili kumi wajitokeze wakasajili madai yao. Wengi wa Wamijikenda hawakusajili, aidha kwa kutojua au kwa kuwa ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba kando ya barabara hii kuna familia zilizozika mababu zao mahali pale pale, lakini kisheria zinaitwa maskwota. Mwenye hati anaweza kuwa anaishi mbali na hajawahi kupanda hata mnazi mmoja hapo.

Kwa mujibu wa hali hiyo, fidia ya barabara inaweza kugeuka dhuluma ya pili. Aliye na karatasi hulipwa thamani ya ardhi, naye aliyeilima kwa miaka 50 akabaki kugombea thamani ya minazi, miembe na mikorosho yake, pengine na nyumba ya udongo. Katiba yenyewe imelitambua hili kwa kuruhusu mtu anayekalia ardhi kwa nia njema alipwe hata asipokuwa na hati. Kifungu hicho kipo. Kinachohitajika ni kutumiwa, tena mapema, wala si baada ya tingatinga kufika mlangoni.

Wafanyabiashara wadogo nao wasisahauliwe. Mama anayeuza viazi karai na mbaazi kwa mahamri kando ya barabara Mtwapa hana ardhi ya kudai, lakini ana wateja ambao hutokana na barabara hiyo. Kumbomolea kibanda bila kumtengea soko lililo karibu na kituo cha matatu ni kumfukarisha kwa jina la maendeleo. Naye atarudi tu, safari hii akiwa ukingoni mwa barabara yenye magari ya kasi zaidi.

Hapo ndipo usalama unapojitokeza. Barabara pana huleta mwendo, na mwendo huua asiye na gari. Watoto wa shule huvuka kwenda upande wa pili, na waumini huvuka kuelekea misikitini na makanisani. Vivuko vya miguu, taa na njia za kando si mapambo ya kuongezwa iwapo pesa zitabaki. Vinafaa kukamilika kabla ya lami mpya kufunguliwa, kwa kuwa uzoefu wa barabara nyingine kuu nchini unaonyesha kwamba vikiachwa mwisho, watu hufa vikisubiriwa.

Hatimaye, kuna wale wanaoishi kaskazini ya Malindi. Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu imetiwa lami, na bandari ya Lamu ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Lakini baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mnamo Juni 2014, na shambulizi dhidi ya basi pale Nyongoro Januari 2020, wasafiri wa huko walifundishwa kwamba lami haimkingi mtu dhidi ya risasi. Walizoea kusafiri kwa misafara inayolindwa na polisi. Kwao, barabara nzuri ni ile ambayo mtu anaweza kuipita saa yoyote na akafika.

Mambo matatu basi yanafaa kutekelezwa. Mosi, Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) na NLC zichapishe kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji, orodha ya waliolipwa, wanaodai na sababu za kucheleweshwa. Pili, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikae pamoja kupanga usafiri wa eneo zima, kwa sababu abiria wa Mtwapa hajui mpaka wa kaunti anapoelekea kazini. Tatu, daraja la Likoni lipewe uzito sawa na barabara za bandari, na liwe na njia ya watembeao kwa miguu.

Wakandarasi wataondoka kazi ikiisha, na wafadhili watadai mkopo wao ulipwe. Watakaobaki na barabara ni wakazi wa kando yake. Kabla ya kanda kukatwa na hotuba kusomwa, ni wao wanaopaswa kuulizwa iwapo barabara hiyo imewafikia.