Ngazi ya Darini Isinunuliwe kwa Kutazama Bei

Katika nyumba nyingi za miji yetu limo tundu la mraba katika dari, aghalabu juu ya ujia au chumba cha stoo, lililofunikwa kwa ubao usio na bawaba. Fundi wa umeme hupita humo. Na siku mvua inapopenya kwenye mabati, mwenye nyumba naye hulazimika kupita humo. Lakini ukiuliza iko wapi ngazi ya kulifikia tundu hilo, utaletewa meza, juu ya meza kiti, na juu ya kiti, pengine, ndoo iliyofudikizwa.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wengine. Masika yaliyopita sisi wenyewe tulipanda kwa mtindo huo huo nyumbani kwetu. Kupanda hakukuwa na taabu. Kushuka ndiko kulikotuumbua, kwa maana mguu unaoning'inia kutoka darini haukioni kiti unachokitafuta. Kiti kilipinduka, nasi tukabaki tumejishikiza kwa viwiko mpaka jirani aliposikia kelele akaja kutuinulia kiti. Siku hiyo hiyo tuliazimia kununua ngazi ya kudumu.

Katika kuulizia ngazi hiyo tumegundua kwamba watu wengi huanza shauri hili kutoka mwisho wake. Swali la kwanza huwa ni bei, la pili ni kama ngazi ni ya mbao au ya alumini. Sisi twaona kwamba swali linalostahili kutangulia ni hili: mbao za dari yako zaweza kubeba nini?

Ngazi za kukunjwa, zifungwazo nyuma ya kifuniko cha dari, zimezoeleka sana Uingereza, ambako nafasi iliyo chini ya paa hutumika kuhifadhia masanduku na vikorokoro vya nyumbani. Hata huko, kenchi za kawaida ambazo hazikuundwa kubeba chumba hukadiriwa kuhimili mzigo wa stoo wa kilo 25 tu hivi kwa kila mita ya mraba. Msomaji na apige hesabu. Gunia moja la mahindi la kilo 100 hukalia eneo lisilotimia hata mita moja ya mraba. Basi mtu apandishaye magunia mawili kwa furaha ya kuwa na ngazi mpya ameitwisha dari mara kadhaa ya mzigo wake. Nalo ndilo jambo tunalolihofia zaidi, kwani dari isiyofikika kwa urahisi hubaki tupu, na dari yenye ngazi nzuri hugeuzwa ghala kabla ya mwaka kwisha. Mwenye kutaka ghala na aimarishe boriti kwanza. Asiyeweza na ajiwekee sharti kwamba ngazi ile ni ya kupitia mafundi, na masanduku matupu.

Hatari ya pili imo mkononi mwa fundi mwenye haraka. Tundu likionekana dogo, huushika msumeno na kukata ubao wa chini wa kenchi. Ubao huo si pambo: ndio unaozizuia pande mbili za paa zisitanuke na kuzisukuma kuta nje. Uingereza kenchi hupangwa kwa nafasi ya sentimita 60, na ngazi nyingi za huko huundwa nyembamba ili zipite baina ya kenchi mbili bila kukata chochote. Yafaa nasi tuchague hivyo hivyo: ngazi iifuate nafasi iliyopo. Mahali ambapo dari imebebwa na boriti za kawaida, na hapana budi moja ikatwe, boriti mbili za kando ziongezewe nguvu, na ncha zilizokatwa zifungwe kwa mbao za kupingana. Kenchi isiguswe bila idhini ya mhandisi.

Kuhusu aina, hatuna mengi. Ngazi ya mbao ya vipande vitatu, inayojikunja juu ya kifuniko, ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu vidato vyake ni vipana na mguu huvikanyaga kwa imani. Ile ya alumini inayoteleza ni nyepesi, ila huhitaji nafasi kubwa darini wakati wa kurudishwa juu. Ile inayokunjamana kama kodiani huingia penye tundu dogo. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 14975 hutaka ngazi za namna hii zihimili kilo 150, yaani mtu pamoja na mzigo wake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha maandishi ya uzito usimlipe.

Kabla ya kulipa, pima kimo kutoka sakafuni hadi dari, urefu na upana wa tundu, na mahali miguu ya ngazi itakapotua. Tumeona nyumba moja ambayo ngazi ikishushwa huziba mlango wa chumba cha watoto. Ngazi isitue pia ukingoni mwa ngazi nyingine ya kushukia ghorofani, maana atakayeteleza ataanguka mara mbili.

Katika kufunga, fremu ishikwe kwa skrubu nene na si misumari, na pembe zake zipimwe kwa mshazari mpaka vipimo viwili vilingane. Kazi ya mwisho ndiyo inayoharibiwa mara nyingi, nayo ni kukata miguu. Ikiachwa mirefu, viungio vya ngazi hubaki wazi, na uzito wote huangukia bawaba, nazo hupinda au kung'oka. Ikikatwa mifupi, ngazi huning'inia hewani. Fundi wetu alitaka kukata miguu yote miwili kwa kipimo kimoja. Tulipomwomba apime kila mguu peke yake, ilionekana kwamba sakafu yetu imeinama kwa sentimita moja na nusu.

Ule ufito wenye ndoano wa kuvutia kifuniko tumeutundika juu ya kabati, mahali asipofikia mtoto wa miaka sita.