Rafiki: Tuihakiki Kwanza, Tuihukumu Baadaye

Mjadala wa mwezi uliopita kuhusu filamu ya Rafiki uliwagawa wanachama wetu pande mbili, na bado unaendelea kwenye mikahawa ya Mirdif na ndani ya basi la kuelekea chuoni. Upande mmoja unasema klabu ya Kiswahili haina shughuli na filamu inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili. Upande wa pili unaisifu filamu hiyo kiasi kwamba anayeikosoa huonekana mshamba. Sisi tunaoandika makala hii tunaona pande zote mbili zimelikwepa swali ambalo walimu wetu hutuuliza kila tunaposoma riwaya au tamthilia: je, kazi hii imesukwa vizuri?

Kwa ambao hawakuhudhuria, Rafiki ni filamu ya mwaka 2018 ya Mkenya Wanuri Kahiu. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja jijini Nairobi, na baba zao wanashindana katika uchaguzi. Wanapendana, mtaa unagundua, na kipigo kinafuata. Klabu haikuionyesha, waliochangia mjadala ni waliokwisha kuitazama kwingineko.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo klabu yetu ina la kusema. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza kama vijana wa Nairobi wanavyozungumza kweli. Jina lenyewe limebeba mzigo: Kahiu ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini kwake mara nyingi hulazimika kumtambulisha mwenzi kama “rafiki” tu. Wenzetu wa Mombasa na Unguja wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kwao mwanamke humwita mwanamke mwenziwe “shoga” bila dhamira yoyote ila usuhuba, na neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Neno moja linaweza kuficha na kufichua, na filamu hii imelijua hilo tangu kwenye jina lake.

La pili ni muziki. Baadhi yetu waliita Rafiki filamu ya muziki, na wengine wakapinga kwa kuwa wahusika hawaimbi. Wapinzani wana haki kwa maana kali ya neno. Hata hivyo, nyimbo za wasanii wanawake wa Kiafrika, wakiwamo Muthoni Drummer Queen na Njoki Karu, zinasema yale ambayo wasichana hawa hawathubutu kuyatamka. Sisi tuliokulia penye taarabu hatuhitaji kufundishwa kwamba wimbo unaweza kumsemea mtu aliyefunga mdomo.

Kasoro zipo pia. Ziki hakuchorwa kwa kina kama Kena. Tunajua anatamani kuuona ulimwengu, lakini hatujui vya kutosha anachokihofia. Siasa za baba zao zimeguswa juu juu, kisha zikaachwa. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, ni mmbea tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu inayoomba tusimhukumu mtu kwa jambo moja ingempa naye jambo la pili.

Ukweli ni kwamba wengi wanaibishania filamu hii kwa sababu ya marufuku yake. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, wiki chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika mpango rasmi wa tamasha la Cannes. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku 7, watu wazima pekee, na watazamaji wakajaza ukumbi Nairobi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaikubali tena hoja ya bodi.

Kwetu hapa mambo hayako mbali na hayo. Desemba 2021 Falme za Kiarabu zilitangaza daraja jipya la watazamaji wa miaka 21 na zaidi, na Juni 2022 filamu ya katuni ya Lightyear ikazuiwa kuonyeshwa. Kila nchi ina sheria zake, nasi tunaishi chini ya sheria hizo. Lakini marufuku haimfundishi mtu uhakiki. Humwacha mmoja akilaani asichokiona, na mwingine akikisifu kwa sababu tu kimekatazwa.

Wapo wenzetu ambao imani yao inawakataza kuyaunga mkono mapenzi haya. Hatuwaombi waiache imani yao mlangoni. Katika Everybody's Talking About Jamie, filamu ya muziki ya Kiingereza ya mwaka 2021 kuhusu kijana wa Sheffield anayetaka kuwa msanii wa jukwaani mwenye mavazi ya kike, rafiki wa dhati wa Jamie ni Pritti, msichana Mwislamu mwenye hijabu. Anabaki alivyo, na anabaki rafiki. Klabu inayoshindwa kuzungumza kwa adabu kuhusu watu wa hadithi, itawezaje kuzungumza na mwanachama wake aliye kimya kwenye kiti cha nyuma kwa sababu hadithi hiyo inamhusu?

Pendekezo letu ni dogo. Atakayeipinga Rafiki, na atakayeitetea, aandike kurasa mbili za uhakiki kwa ajili ya toleo lijalo: wahusika, lugha, muundo, muziki, na msimamo wake wazi. Matusi yasichapishwe, wala pongezi tupu. Walimu wetu wakikubali kuzisahihisha kama kazi nyingine yoyote, mjadala utakuwa umetufaa.