Paka na Tuta la Maua

Wako watu Tabora wasemao kwamba paka wa jirani achafuaye tuta la maua apigwe mawe, au atiliwe sumu. Mimi naona shauri hilo si la haki. Paka hajui mpaka wa kiwanja. Hutafuta udongo mkavu uliolegea, apate kuchimba na kufukia kinyesi chake. Na udongo wetu una mchanga mwingi, wala tangu Juni hata Septemba mvua hainyeshi. Basi sisi wenyewe tumemwandalia choo, kisha twamkasirikia!

Sumu haichagui, kuku huila, na mtoto aweza kuiokota. Tena mji huu, uliolisha misafara ya kwenda Ujiji, hata leo huweka mahindi ghalani. Paka akifa, panya watafurahi.

Afadhali kutandaza matawi ya miiba juu ya tuta mpaka miche ifunike udongo. Wengine humwagilia maji kila jioni, lakini kiangazi maji ni haba. Miiba haina gharama. Kinyesi kiondolewe kwa jembe, kisifanywe mbolea, na mikono inawiwe kwa sabuni, maana chaweza kuwa na vijidudu vya hatari, hasa kwa mama mwenye mimba.

Jirani naye aambiwe kwa adabu. Huenda ua wake wote umesakafiwa kwa saruji, na paka wake hana pa kuchimba.