Mzigo wa Mtembezi wa Mikoko

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wenye asili ya Rufiji hurudi kwao Kibiti siku za mapumziko, na watoto waliozaliwa mjini huomba kupelekwa deltani kuiona mikoko. Ombi hilo ni jema. Lakini aghalabu familia huondoka asubuhi na kandambili miguuni na chupa moja ya soda, kwa kuwa safari ni ya siku moja na wenyeji wapo.

Ndugu msomaji, kabla ya kufungasha chochote muulize mvuvi saa za maji. Bahari huchukua saa 6 na dakika chache tangu kupwa hadi kujaa, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Hivyo kijito mlichokivuka kwa miguu Alhamisi saa nne, Jumapili saa ile ile chaweza kuwa kimejaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji katika pwani yetu hupita meta 3. Mzazi atakayejikuta ng'ambo na watoto wawili hana budi kungoja maji yapwe tena, pengine usiku. Vifaa nitakavyovitaja ni kwa ajili ya saa hizo za kungoja.

Maji ya kunywa yatangulie. Vijito vya karibu na bahari vina chumvi, nayo humzidishia mtu kiu. Lita 3 kwa mtu mzima si nyingi katika joto lile, na kila mtoto awe na chupa yake. Kisha viatu vya kufunga, vyenye soli ngumu: mizizi ya mchu huchomoza topeni kama misumari, na kandambili hubaki humo mguu ukitoka. Tochi, kiberiti na simu viwekwe katika kopo lenye mfuniko wa kukaza.

Filimbi avishwe kila mtoto shingoni. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta hii, na Waingereza wakaitafuta kwa majuma kadhaa kabla ya kuiona. Ikiwa meli nzima ilifichika, mtoto wa miaka minane atafichwa na miti michache tu. Afundishwe kupuliza mara tatu, anyamaze asikilize, kisha arudie, naye akae pale pale alipo.

Kamba ya meta 10 humvuta aliyezama topeni. Isitumike kufunga mguu ulioumwa na nyoka, ijapokuwa wazee wetu walifanya hivyo. Waganga wa hospitali hukataza kufunga, kuchanja na kunyonya jeraha. Mguu ufungiwe kijiti kwa kitambaa usicheze, na mgonjwa abebwe upesi hadi kituo cha afya. Basi na kitambaa kiwemo.

Dhidi ya mamba hakuna kifaa cha kufungasha. Watoto wasinawe ukingoni.

Waliobaki nyumbani waambiwe mnaelekea wapi na saa ya kurudi. Na ikiwa mtapanda mtumbwi, kila mmoja avae jaketi okozi. Mwenye mtumbwi akiwa hana, atafutwe mwingine, hata kama huyo wa kwanza ni mjomba.