Keekee Kubwa Haina Lugha

Mafundi wa majahazi na milango wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, walitoboa mbao zao kwa keekee. Chombo hicho kidogo kilikuwa na jina kwa kila kiungo: kishikio cha juu kiliitwa jivu, mti ulioshika chuma uliitwa msukano, na upinde wa kuuzungusha uliitwa uta. Askofu Edward Steere aliyanakili majina hayo Unguja katika karne ya 19, nasi twayasoma hata leo.

Sasa tunayo keekee nyingine, mnara mzima wa chuma. Huundwa ng'ambo, na njia yake ya kawaida ya kuingilia nchini ni Kilindini, upande wa pili wa kisiwa hiki. Huko Olkaria, ambako visima vya kwanza vya majaribio vilianza kutobolewa mwaka 1956 na umeme ukapatikana mwaka 1981, hushuka hadi kina cha kilomita 3 kuutafuta mvuke. Zaidi ya thuluthi ya umeme wa Kenya hutokana na kazi hiyo. Je, viungo vya keekee hii vina majina gani kwa Kiswahili?

Kila inapojadiliwa namna ya kuharakisha uchimbaji, mazungumzo huelekea kwenye mashine: injini yenye nguvu zaidi, meno magumu zaidi. Hayo ni ya haki. Lakini mtambo huendeshwa na kikosi, usiku na mchana, kwa zamu, na hapana hata mmoja wao auonaye ule ncha wa chuma ulioko chini. Anayeshika breki huhisi uzito tu. Aliye kwenye matangi ya tope ndiye aonaye kwamba tope lililoteremshwa halirudi lote. Habari hiyo yapasa kumfikia mwenzake papo hapo, kwa neno lisilo na maana mbili, kabla mabomba hayajanaswa. Akianza kusema "ile kitu ya kule imepungua", muda unapotea, na mtambo uliosimama hugharimu fedha kama ule unaofanya kazi.

Huko Menengai, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011, visima kadhaa viligonga miamba iliyoyeyuka kwa moto kwenye kina cha kilomita 2 na kitu. Sidai kwamba msamiati ungaliuzuia moto ule. Lakini penye hatari za namna hiyo, na penye gesi ya hidrojeni salfaidi iwezayo kuua, kijana wa kidato cha nne aliyeona dalili mapema asikae akitafuta Kiingereza cha kumwambia mkubwa wake.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili. Tweka, tua, bisha: neno moja, tendo moja, na kila mtu juu ya kamba yake. Hawakungoja kamati.

Ndugu zetu wa Tanzania wametutangulia kidogo. Shirika lao la madini husema uchorongaji, na nishati yenyewe huiita jotoardhi. Sisi bado twasema kuchimba, kana kwamba mvuke hufuatwa kwa jembe! (Kupekecha nako kupo, tena ndiko kazi hasa ya keekee, ila wengi wetu twakukumbuka kwa fitina tu.)

Nitaambiwa kwamba vitabu vya mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Navibaki hivyo, mhandisi avisome. Ninalolitetea ni lugha ya pale jukwaani, na lugha hiyo haitatungwa ofisini na watu kama mimi. Walimu wa Kiswahili na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wangeweza kwenda pamoja Olkaria likizoni, daftari mkononi, wakayasikiliza maneno ambayo wafanyakazi wenyewe wamekwisha kuyabuni, yawe ya Kiswahili sanifu, ya Sheng au ya Kimaasai, kisha wayapime: lipi fupi, lipi lasikika vizuri katika kelele za injini, lipi halifanani na jingine.

Na wenye mitambo wangeanza na jambo dogo: kitabu cha kukabidhiana zamu kiruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, na anayeondoka amsomee kwa sauti anayeingia.