NYUMBA NA MAISHA: Baba Ataka Kuacha Kazi, Aende kwa Nani?

Mama mmoja aishiye katika kota za polisi mjini Kampala ametuandikia barua ndefu, nasi twaitoa hapa kwa kifupi. Mume wake ni sajini, amekaa kazini miaka 18. Tangu aliporudi kutoka kituo cha mbali alikopelekwa mwaka uliopita, hapendi tena kuvaa sare. Asubuhi husema atafuga kuku mia tatu, jioni husema ataendesha lori. Usiku halali. Muuguzi wa zahanati ya kambi alimwambia mama huyu ampeleke mumewe kwa mshauri nasaha. Naye anauliza: "Mume wangu si mwenda wazimu, ataka kazi nyingine tu. Mtu huyo atamfaa nini? Na wakubwa wake wakijua, itakuwaje?"

Swali hili si la nyumba moja. Twaamini kwamba katika kila safu ya kota kuna mlango mmoja au miwili ambako linaulizwa kwa sauti ya chini, watoto wakiisha kulala.

Kwanza tuwatenganishe watu ambao wengi huwachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, naye aweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea mwenendo wa nafsi ya mwanadamu, na kwa kawaida hatoi dawa. Mshauri nasaha amefunzwa kumsikiliza mtu na kumsaidia apange mambo yake. Kwenda kwa mmoja wao hakumfanyi mtu kuwa mwenda wazimu, kama vile kwenda kwa fundi wa viatu hakumfanyi mtu kuwa kiwete.

Wala si ajabu kumwendea mtu wa namna hiyo kwa habari ya kazi. Mwaka 1908, katika mji wa Boston huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwaongoza vijana waliokuwa wakitafuta kazi ya kushika. Alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Mafundisho yake yalikuwa mepesi: mtu ajijue mwenyewe, aijue kazi anayoitaka, kisha ayapime mambo hayo mawili kwa akili iliyotulia. Twaona kwamba la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana akili iliyotulia haipatikani kwa mtu asiyelala.

Majeshi nayo yana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima akili askari wake kwa mitihani miwili, mmoja wa wanaojua kusoma na mwingine wa wasiojua, na zaidi ya watu milioni moja na nusu wakapimwa. Lakini mitihani ile iliuliza jeshi litamtumia mtu huyu wapi. Haikumwuliza yeye ataka kuishi vipi. Swali hilo la pili lilikuja kwa nguvu baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, askari wengi mno waliporudi makwao. Mwaka 1946 Carl Rogers na mwenziwe John Wallen walitoa kitabu kizima juu ya kuwashauri askari waliorudi. Rogers alishikilia kwamba mshauri asimwamuru mtu, bali amsikilize kwa makini mpaka mwenyewe aione njia.

Hapo ndipo askari wengi hukasirika. Askari amezoea amri. Anaingia, anaketi wima, anangoja aambiwe: "Acha kazi," au "Usiache." Badala yake anaulizwa: "Siku gani ya mwisho uliipenda kazi yako?" Anatoka akisema amepotezewa wakati. Twamwomba arudi mara ya pili na ya tatu kabla ya kuhukumu.

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu asemapo "nimechoka na kazi," maneno hayo yaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali sana. Huenda amechoka na mahali au na mkubwa mmoja, na uhamisho ungetosha. Huenda kweli kazi ile imekwisha moyoni mwake, naye angefanikiwa zaidi kwingine. Au huenda amebeba jeraha lisiloonekana: ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo cha mlango, hasira ya ghafula kwa watoto, kuepuka kila kitu kimkumbushacho yaliyompata. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliliingiza jeraha la namna hiyo katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, wakalipa jina lake, nalo hutibika. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu maisha ya mtu, yafaa aonwe na mtaalamu pasipo kungoja.

Mama, tazama tofauti ilivyo kubwa. Mwenye jeraha la namna hiyo akiacha kazi, ataacha mshahara na kota, lakini ndoto atazibeba kwenye lori pamoja na magodoro. Atazikuta kijijini, na kule hakuna zahanati ya kambi. Ndiyo sababu twasema amwone mshauri kabla ya kutia sahihi. Mshauri aliyefunzwa vyema ataliuliza jambo la usingizi kabla ya jambo la kuku, na akiona jeraha, atamwelekeza kwa daktari. Hospitali ya Butabika hapo Kampala ndiyo hospitali kuu ya taifa kwa magonjwa hayo.

Ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha, mshauri atamsaidia kuhesabu alicho nacho. Tumewasikia maaskari wakisema, "Mimi sijui kitu ila bunduki." Si kweli. Sajini wa miaka 18 amesimamia watu, ameandika ripoti, ametunza ghala, ameamua ugomvi wa raia penye hasira. John Holland, Mmarekani aliyeanza kueleza nadharia yake mwaka 1959, aligawa maelekeo ya watu katika kazi kwa mafungu sita: ya mikono na vyombo, ya uchunguzi, ya sanaa, ya kuwasaidia watu, ya kuongoza na kuuza, na ya hesabu na kumbukumbu. Baba apendaye vyombo akifungiwa ofisini atanyauka, hata mshahara ukiongezwa.

Lakini tusimtake mshauri afanye yasiyo yake. Hana ajira mfukoni, wala hajui bei ya chakula cha kuku. Kuku mia tatu waweza kufa katika juma moja kwa kideri, na mtu wa kuulizwa hapo ni bwana mifugo. Hesabu ya pensheni ni ya ofisi ya malipo. Uganda ililiona hilo kwa upana kati ya mwaka 1992 na 1995, Bodi ya Kusaidia Askari Waliostaafu iliporudisha uraiani wanajeshi zaidi ya 30,000. Walipewa fedha na mabati, na hata hivyo baadhi ya wake walifika katika vijiji vya waume wao wasikojua lugha wala jamaa. Kwa hiyo mke naye awe na neno katika shauri hili, maana ndiye atakayelima shamba hilo.

Na wakubwa je? Swali lako ni la haki. Mshauri wa kiraia hutakiwa kuficha siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mshauri aliye chini ya jeshi au polisi aweza kuwa na wajibu wa kuandika taarifa. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kueleza lolote, baba aulize waziwazi: "Nitakayosema yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Aulize pia alisomea wapi na kwa muda gani. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Anayejibu kwa ukali, au anayeahidi kumpatia kazi kwa ada, aachwe.

Usimwambie mumeo, "Twende ukatibiwe." Mwambie, "Twende tukapange habari ya kazi," maana ndivyo ilivyo. Achukue vyeti vyake, mafunzo yote aliyopitia, na madeni ya nyumba yakiwa yameandikwa bila kuficha. Akikataa, nenda wewe kwanza. Nawe pia umekosa usingizi mwaka mzima, na barua yako imeonyesha hivyo ijapokuwa hukusema.